Kifurushi Chenye Jina Letu

Nilimwonea wivu msichana mmoja kwa miaka sita mfululizo, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Tulikuwa na jina moja.

Kwetu Wanande, mashariki mwa Kongo, mtoto hapewi jina kwa kuangaliwa sura. Anahesabiwa. Msichana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, wavulana vivyo hivyo, na ndivyo ilivyo katika kila nyumba tangu Lubero hadi Beni. Ukisimama katikati ya soko la Butembo ukaita jina la msichana wa pili, wanawake wengi watageuka, na baadhi yao watakukasirikia kwa kuwageuza bure. Mimi ni msichana wa pili. Yeye pia. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba hata jina letu la nyuma, lile la babu, lilifanana, ingawa hatukuwa na undugu wowote, na rejista ya shule yetu haikuandika majina ya ubatizo. Siku ya kuandikishwa mwaka wa kwanza wa sekondari, mwalimu aliyatazama majina yale mawili, akakuna kichwa, akachukua kalamu nyekundu, akaandika A mbele ya moja na B mbele ya jingine.

A alikuwa yeye. Alikuwa A kwa sababu alifika mapema, na alifika mapema kwa sababu lori la babake lilimshusha kwenye lango la shule. Mimi nilitangulia sokoni kumfikishia mama kikapu cha samaki, ndipo nikapanda kilima kwenda shule kwa miguu. Kama herufi zingegawiwa kwa kuangalia nani ametoka jasho, ningekuwa A mimi.

Wenzetu walituita ndoyi, yaani wajina, na walidhani jambo hilo linatupendeza. Nilitabasamu nao. Moyoni nilikuwa ninahesabu. Nilihesabu sweta zake. Nilihesabu kalamu zake, ambazo babake alimletea kutoka Kasindi alikofanya biashara mpakani, kalamu za kubonyeza juu zikalia ta, na alizibonyeza mwalimu akiwa anafundisha, ta, ta, ta, mpaka nikatamani kuzivunja moja moja. Alikuwa na koti la mvua la manjano. Alikula mkate akaacha ganda. Hilo la ganda lilinikosesha raha kuliko koti. Mimi nilinuka samaki wa ziwani Kyavinyonge, kwa sababu mama aliwauza samaki hao na vikapu vyake vililala katika chumba nilicholala mimi, na mtu yeyote aliyekaa nami dawati moja alijua tumepakua tilapia jana au juzi. Mwandiko wake ulikuwa umelala upande mmoja kwa adabu. Wangu ulisimama wima kama mtu anayegombana.

Nilikuwa na tabia moja ambayo sikuitambua mpaka baadaye sana. Mwalimu akiita jina letu bila kuongeza herufi, niligeuka kwanza nyuma kumtazama yeye. Akiinuka, mimi ninakaa.

Nilichokitaka mimi kilikuwa diploma ya Serikali, ili niwe mwalimu. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa ameipata isipokuwa mtu mmoja, mdogo wake baba, ambaye alikaa nasi nilipokuwa mdogo na kunipa vipande vya chaki nichore kwenye mlango wa jikoni. Alikwenda kufundisha Kisangani. Vita vya kwanza vikaja, kisha vya pili, nchi ikakatwa vipande, kila kipande na wanajeshi wake, na habari zake zikakatika nikiwa nimekwisha kuanza sehemu ya ualimu. Baba, aliyekuwa seremala, alisikiliza redio kwa muda mrefu, kila jioni, zile salamu za watu wanaotafuta watu wao. Halafu siku moja akaacha kuwasha redio. Nilipofika mwaka wa sita, mimi nilikwisha kumzika kichwani mwangu.

Nilisoma kwa bidii, hilo siwezi kujinyima. Lakini nilisoma nikimtazama yeye. Nikipata alama nzuri, kabla ya kufurahi nilitafuta yake. Akinizidi, yangu iligeuka kuwa mbaya hapo hapo, hata kama mwalimu ameisifia mbele ya darasa. Kuna siku nilipata alama mbovu kabisa katika hesabu, naye akapata mbovu zaidi, nikarudi nyumbani ninaimba. Mama akaniuliza nimefaulu nini.

Katika mwaka huo wa sita, miezi michache kabla ya mtihani, kikaja kifurushi.

Ndege ndogo zilikuwa bado zinatua kwenye uwanja wa Rughenda siku ambazo hali iliruhusu, na watu walituma vitu kwa mkono wa yeyote anayesafiri. Sentinelle, yaani mlinzi wa shule, alikuja hadi mlango wa darasa akiwa na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji na kushonwa kwa uzi, akataja jina letu. Niligeuka nyuma kama kawaida. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa na malaria juma hilo.

"Njo wewe?" sentinelle akauliza, akitaka kujua kama mwenyewe ni mimi.

"Njo mimi," nikasema.

Juu ya karatasi paliandikwa jina letu, shule yetu, mwaka wa sita, sehemu ya ualimu. Hapakuwa na A wala B. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ni chake. Nani mwingine angetumiwa kitu kwa ndege? Nilikificha ndani ya sweta, na nilipofika nyumbani nikakifungua nyuma ya vikapu vya samaki. Vilikuwa vitabu vitatu vya items, yale maswali ya mitihani ya Serikali ya miaka iliyopita, kitu ambacho katika mji wetu uliofungiwa barabara hata walimu walikuwa wanakitafuta. Ndani mlikuwa na nusu karatasi: "Binti yangu, soma polepole. Mahali nimeandika na crayon, simama hapo, ujiulize sababu gani. Salimia wakubwa bote. Ni mimi papa wako mudogo." Hapakuwa na jina. Siku zile mtu aliyetuma barua kutoka upande mmoja wa vita kwenda upande mwingine hakuweka jina, maana barua zilifunguliwa uwanjani na jina lingeweza kumponza mtu.

Na kweli, pembeni mwa maswali, ukurasa baada ya ukurasa, mtu alikuwa ameandika kwa penseli. Alieleza kwa nini jibu ni hili na siyo lile. Alitania. Penye swali gumu aliandika: "Hapa hapana kimbia, mwanangu." Penye swali la mtego: "Bananidanganyaka hapa hata mimi." Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa karibu na mtoto anayempenda.

Sijui kama nimewahi kuona wivu wa namna ile tena. Sweta, sawa. Kalamu, sawa. Lakini hata kupendwa namna hii apendwe yeye! Alasiri moja, mama akiwa sokoni na baba kwenye karakana yake, nilikaa dirishani na gomu, kile kifutio cha shuleni, nikayafuta maandishi yote ya penseli. Vitabu vyote vitatu. Nilianza taratibu, kisha nikafuta kwa nguvu, hasa kwenye ukurasa wa mwisho, mpaka karatasi ikaota manyoya. Yakabaki maswali yaliyochapwa na herufi za majibu tu. Nilipuliza uchafu wa gomu nje ya dirisha na nikajisikia vizuri, siwezi kusema uongo.

Kuanzia hapo nilisoma kwa siri kama mwizi, kwa kuwa nilijua mimi ni mwizi. Nilikariri: swali la kumi na moja, c, la kumi na mbili, a. Mtihani ulipokuja, umechelewa kwa ajili ya vita, maswali yalikuwa mengine. Yalifanana na yale ya vitabuni, lakini yalikuwa yamegeuzwa, na aliyejua herufi bila kujua sababu hakuwa na pa kushika.

Matokeo kwetu husomwa redioni, na aliyepita humwagiwa poda. Poda ya mtoto, kama ipo. Unga wa muhogo, kama haipo. Kichwani, usoni, shingoni, mpaka mtu anakuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, kisha anatembezwa mtaani kwa nyimbo. Siku hiyo jirani yetu ndiye aliyekuwa na betri. Alipiga kelele kutoka kwao kwamba jina langu limesomwa. Kabla sijasimama vizuri nilikuwa nimepofushwa na unga. Mama alicheza. Baba aliweka randa chini, akanishika mikono yote miwili. Walinipitisha barabara nzima hadi sokoni, na wauza samaki wenzake mama wakaniongezea poda yao. Nilifurahi sana, na katikati ya furaha hiyo nilijiuliza kitu kimoja tu: yeye amepita?

Jina letu lilikuwa limesomwa mara moja.

Kwao hawakumwaga poda. Walingoja. Walimtuma mtu shuleni kutazama namba ya mtahiniwa kwenye orodha, jambo ambalo mtu mwenye jina letu angepaswa kulifanya tangu mwanzo. Namba ilikuwa yake. Nilijua kesho yake, mbele ya ofisi, unga ukiwa bado masikioni. Wajina wangu alitaka kunishika bega. Nikamkwepa. Nilipita kwenye bomba la mtaani, nikaosha kichwa mbele ya wanawake waliokuwa wanachota maji.

Nilirudia mwaka wa sita. Darasani sasa nilikuwa peke yangu mwenye jina hilo, kwa hiyo mwalimu aliandika jina bila herufi. B ilikwisha. Ungedhani ningefurahi. Nilikaa pale nikagundua kwamba sina nguvu hata ya kufungua daftari. Familia yake ilikuwa imehamia Beni, yeye alikuwa anangoja kwenda chuo kikuu, na kiti chake alikikalia msichana mwingine asiyenihusu. Nani nimshinde? Kwa nini niamke? Wivu ule ndio uliokuwa unaniamsha asubuhi miaka yote, na sasa ulikuwa umehama mji kwa lori. Baada ya miezi miwili nilimwambia mama nitaacha shule niuze samaki naye. Mama alinitazama, akasema tu nitakuwa muuza samaki mbaya kwa sababu ninawanunia wateja.

Kabla ya kuacha, nilitaka kile kifurushi kitoke nyumbani. Kilikuwa kinanisumbua. Yeye alipita bila items, mimi nilishindwa nikiwa nazo, na kila nilipolala vile vitabu vilikuwa pale nyuma ya vikapu, vinanitazama. Siku moja barabara iliposemwa ni salama nilipanda lori la mbao kwenda Beni. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wanajeshi walitushusha, wakatuuliza kwa Kilingala tunakwenda wapi na tumebeba nini. Nikaonyesha vitabu. Askari alifungua kimoja, akasoma swali kwa midomo, akanirudishia.

Nilimkuta anafua uani, amefunga kikwembe kilichopauka, nywele hazijasukwa. Nyumba yao mpya ilikuwa na baraza ya saruji. Niliiona baraza kwanza.

"Ndoyi! Karibu. Barabara iko muzuri?"

"Iko muzuri. Nilikuletea kitu yako."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Sentinelle, malaria yake, gomu. Alifuta mikono kwenye kikwembe, akachukua ile nusu karatasi, akaisoma. Nilimtazama anavyosoma, nikingoja hasira yake.

"Mais hii haiko yangu," akasema.

"Iko yako. Iko na jina yako."

"Iko na jina yetu. Angalia hapa: papa wako mudogo. Mimi sina papa mudogo hata mumoja. Papa yangu ni wa mwisho kwabo. Niko na ba papa bakubwa tu."

Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua tofauti hiyo. Kaka wa baba ni papa mkubwa. Mdogo wa baba ni papa mdogo. Nilijua kwamba babake alikuwa kitinda mimba, mji mzima ulijua, kwa sababu walimtania kwa kudeka hata uzeeni. Nilikuwa nimeisoma karatasi ile labda mara mia.

"Na wewe?" akaniuliza. "Uko na papa mudogo?"

Nikakaa kwenye ile baraza yao. Na niseme ukweli, hata katika dakika ile nilimwonea wivu kidogo: kitu nilichokishika mwaka mzima bila kukielewa, yeye alikielewa mikono ikiwa bado na povu.

Alinipa maji na ndizi za kula njiani. Vitabu nilirudi navyo.

Baba alikuwa karakana, anapima ubao wa mlango. Nilimpa ile nusu karatasi bila kueleza. Aliisoma, akaketi juu ya mbao.

"Njo muandiko ya mudogo yangu," akasema. Uso wake ulifunguka kama sijawahi kuuona. "Iko muzima! Mama yako anajua? Ilikuya lini?"

Nilitazama maranda sakafuni.

"Ilikuya lini, mwanangu?"

"Mwaka yenye ilipita, papa. Mbele ya examen."

Nilimwona anahesabu. Nilikuwa fundi wa kuhesabu mimi, nikajua anahesabu nini: jioni zile zote ambazo redio haikuwashwa. Sikuwahi kumwogopa baba, na siku hiyo pia hakuinua mkono wala sauti. Alisema "mwaka muzima", mara mbili, akikunja karatasi na kuikunjua.

Kesho yake tulikwenda kwenye phonie, ile redio ya kupigia miji ya mbali ambayo kanisa letu lilikuwa nayo. Yule mtu wa phonie aliita Kisangani kwa muda mrefu. Sauti iliyojibu ilimfahamu mwalimu huyo. Ilisema alikuwa akija pale kila juma kuuliza kama kuna jibu kutoka Butembo. Alikuja msimu mzima wa mvua. Kisha mapigano yakaingia mjini, akashuka na mto pamoja na watu wengine, na tangu hapo hawajui. Baba alimwambia mtu wa phonie wasingya, asante ya kwetu, akatoka nje. Njiani alitembea mbele yangu. Nilitaka anipige.

Tulipofika karakana aliomba vitabu. Alifungua kimoja, akaona maswali matupu. Basi akafanya kitu ambacho mikono yake imekizoea: kama anavyoangalia ubao kujua umenyooka au umepinda, alifunga jicho moja, akauinamisha ukurasa kuelekea mwanga wa mlango, akautazama kwa ubavu.

"Hapa kuko kitu," akasema.

Nikasogea. Nilichokuwa nimekifuta ni weusi wa penseli tu. Ncha yake ilikuwa imeacha mitaro midogo kwenye karatasi, na mwanga ulipoipiga kutoka pembeni, maneno yalisimama.

"Nani alifuta?"

"Ni mimi."

Alinirudishia kitabu. "Basi utaisoma vile."

Ndivyo nilivyosoma mwaka ule. Sikuacha shule. Mama hakuwahi kuniuliza sababu; alihamisha vikapu vyake tu, akaniachia dirisha. Maneno yalionekana asubuhi mapema na tena alasiri jua likilala; mchana jua likiwa juu ukurasa ulikuwa mweupe. Kwa hiyo nilijifunza kuwahi. Nilitoka shule nikikimbia ili nifike karakana kabla ya kilima kulimeza jua, nikakaa mlangoni kwenye maranda ya mbao, kitabu nimekiinamisha, jicho moja nimelifunga. Siku nyingine nilipata mstari mmoja. Siku nyingine risasi zilisikika upande wa juu wa mji, tukafunga mlango, na nikakosa hata huo mmoja. Baba aliendelea kupiga randa.

Maneno yalikuwa yale yale niliyoyasoma nikiona wivu. "Hapa hapana kimbia, mwanangu." Mara ya kwanza nilimchukia "mwanangu" huyo. Sasa, kila nilipokutana naye kwenye karatasi, kwa siku nyingi bado niligeuka nyuma kidogo, nikimtafuta mwenyewe. Nilimwonea wivu msichana aliyeandikiwa maneno hayo, halafu nikakumbuka ni mimi, na ikabidi niache kazi nilie kidogo. Baba alijifanya ana vumbi machoni. Lakini nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na sikuhitaji mtu wa kumshinda ili nirudi. Nilikuwa na mtu wa kumfikia. Alikuwa ameniwekea alama njiani, nami nimezifuta, na hakuna mwingine wa kuzitafuta.

Ukurasa wa mwisho ulinishinda kabisa. Pale nilipofuta kwa hasira kuliko pengine, mwanga haukutoa kitu. Juma moja kabla ya mtihani, baba alichukua penseli yake ya useremala, ile bapa, akailaza, akaupitisha ubavu wake juu ya karatasi polepole sana. Karatasi ikawa ya kijivu. Ndani ya kijivu yakabaki meupe maneno mawili.

"Ukipita, unijulishe."

Siku ya mtihani msimamizi aliita majina kwa kufuata orodha. Lilipofika jina langu nilikwenda kukaa. Nilikuwa nimekwisha kufika nusu ya chumba ndipo nikagundua kwamba sikugeuka.

Matokeo yaliposomwa redioni, jirani alipiga kelele tena. Mama alikuwa na poda mkononi, ngumi imefungwa, na watu walikuwa wanamsukuma amwage. Hakumwaga. Alisimama mbele yangu hivyo hivyo, mkono umeinuliwa, jasho linamtoka, mpaka baba aliporudi kutoka shuleni akiwa ameandika namba kwenye kipande cha ubao kwa penseli yake. Waliilinganisha na karatasi yangu, tarakimu kwa tarakimu, mama akitamka kila moja kwa sauti. Kisha akafungua ngumi.

Sikuzunguka mtaani. Nilikwenda na poda yangu moja kwa moja kwenye phonie, nyayo nyeupe nyuma yangu, watoto wakinifuata wakiimba. Yule mtu wa phonie alicheka aliponiona, kisha akakumbuka mimi ni nani, akaacha kucheka. Aliita Kisangani. Aliita tena. Sauti ikaja kwa mbali, imejaa mkwaruzo kama wa mvua, na kila ilipomaliza ilisema "À vous", yaani zamu yenu.

"Iko habari gani? À vous."

"Kama ule mwalimu anarudi kuuliza," nikasema, "mumuambie nimepita."

Mtu wa phonie alirudia maneno yangu. Tukangoja.

"Nani alipita? À vous."

Nikataja jina langu.

Mvua, mvua, kisha ile sauti tena: "Ile jina beko nayo bengi sana huko kwenu. Ni nani kati yabo? À vous."

Mtu wa phonie alinitazama, akaninyooshea kile chombo cha kusemea, akanionyesha mahali pa kubonyeza. Poda ilianguka juu yake.

"Njo mimi," nikasema, "mwenye alitumiwa ile kifurushi."